Nane ya Baba

Asubuhi ya kwanza baada ya kumtoa baba hospitalini nilimwamkia kama kawaida, "Shikamoo baba," nikasubiri. Kimya. Midomo ikacheza kidogo upande mmoja, macho yakanitazama, basi. Maisha yangu yote sijawahi kumwamkia yule mzee akakosa kuitikia. Hata tukiwa tumegombana, hata akiwa na mswaki mdomoni, marahaba ilikuwa inatoka. Nilirudi jikoni nikaishika meza kwa mikono miwili.

Kiharusi kilikuwa kimempiga upande wa kulia. Mkono ulilala kwenye paja kama si wake, mguu ukawa wa kuburuza, na maneno yakaisha yote. Ilibaki sauti moja tu, "ee, ee", na hiyo aliitoa kwa kila kitu: kwa chai, kwa maumivu, kwa paka wa jirani akipita mlangoni. Ukimuuliza kama ana njaa, ee. Ukimuuliza kama ameshiba, ee hiyohiyo. Sasa hapo utajua nini?

Nilimleta kwangu Nyakato kwa sababu ni karibu na hospitali. Mimi ni fundi cherehani, nimepanga vyumba viwili nyuma ya viwanda, cherehani iko barazani. Yeye alikuwa mwalimu wa hisabati shule ya msingi miaka yote, na alipostaafu alirudi kijijini, mbele ya Bujora, akakaa na dada yake na ng'ombe wake wachache. Si mbali kwa mtu mzima wa afya. Kwa mgonjwa, ukishaiacha lami, na mvua ikishanyesha, ni mbali kabisa.

Kila wiki nilimpeleka kwa dada wa mazoezi, binti mmoja wa Bukoba, mpole, ana mikono yenye nguvu utafikiri anakanda unga siku nzima. Alimkunja baba na kumkunjua, akamfundisha kusimama. Siku moja akasema leo tuangalie na akili. "Mzee wangu, nioneshe vidole viwili." Baba akanyanyua mkono wa kushoto, akaonesha viwili. Vitatu, akaonesha vitatu. Mimi pembeni nimeshika mkoba wangu kifuani, nasali. "Safi sana mzee. Sasa nioneshe nane," na yeye mwenyewe akamwonesha mfano, mkono mmoja mzima na vidole vitatu vya mkono mwingine. Baba akaonesha vinne.

Akarudia. Baba vinne. Akarudia tena polepole, baba vinne, na safari hii akapiga "ee, ee" kwa hasira. Kwenye korido yule binti aliniambia kwa upole, "Dada, sijui bado. Inawezekana haelewi, anaiga tu mikono yangu pale inapokuwa rahisi. Tumpe muda. Ila msitegemee sana."

Msitegemee sana. Nilitembea nayo hiyo mpaka nyumbani. Nikakata kitambaa cha mteja vibaya, nikakaa barazani nikilia juu ya gauni la watu.

Kaka yangu alikuja Jumapili kutoka kijijini. Kaka yangu ni mtu wa sauti kubwa, na akiogopa sauti inazidi kuwa kubwa. Aliingia, akakaa kwenye kiti kando ya kitanda, akasema habari za ng'ombe, akauliza hili na lile. Baba ee, ee. Kaka akainuka, akaenda dirishani, akarudi.

"Tusidanganyane," akasema. "Huyu aliyelala hapa si baba. Huu ni mwili wake."

"Usiseme hivyo mbele yake!"

"Mbele ya nani?"

Nilitamani kumpiga. Lakini sikumpiga, na sikumjibu, kwa sababu hilo swali nilikuwa nalo mimi mwenyewe kila asubuhi nikimwosha baba uso. Nilikuwa ninaogopa kwamba ninamwosha mtu ambaye ameshaondoka.

Tulitoka barazani tukabishana mpaka jirani akazima redio ili asikie vizuri. Mwisho kaka akasema, "Haya. Jumamosi nakuja na gari. Ukinionesha kwamba baba yupo, namaanisha yupo kweli, si mambo yako ya kuona anacheka wakati ana gesi tumboni, basi abaki hapa, mazoezi yaendelee, na mimi sina neno. Kama hayupo, anarudi kwake, akakae na shangazi na ng'ombe wake, tuache kumsumbua mzee wa watu." Akawasha pikipiki akaondoka. Nikabaki na muda wa mpaka Jumamosi tu.

Ningemwonesha nini? Kusema hasemi, kuandika mkono ndio huo umekufa. Ila niliwaza hivi: kama kuna mahali baba angebakia, ni kwenye hesabu. Mtu huyu alikuwa akitufundisha mezani tukila. "Swali linasema nini? Tunajua nini? Tunatafuta nini?" Ukikosea jibu hakuwa na shida na wewe. Ukipata jibu bila njia, hapo ndipo utakoma, utasimama na sahani yako mkononi mpaka uieleze hatua kwa hatua. Mimi hesabu nilizichukia kwa sababu yake. Sasa nikawa ninazitafuta kichwani kwa hofu, zile za darasa la pili na la tatu, nikijilaumu kwamba sikusikiliza.

Jumatatu baada ya uji niliweka kigoda mbele yake. "Baba, tunafanya hesabu. Moja kujumlisha moja."

Alinitazama muda mrefu. Akaonesha viwili.

"Mbili kujumlisha moja." Vitatu. "Tano kutoa moja." Vinne. "Mbili mara mbili." Vinne. Jamani, nilipiga vigelegele peke yangu asubuhi ile. Nikasema sasa kaka atanitambua!

"Nne kujumlisha mbili."

Akaonesha vitatu.

"Hapana baba, angalia. Nne. Halafu mbili." Nikamwekea vizibo vya soda kwenye sinia, vinne huku, viwili kule, nikavisogeza pamoja. Akavitazama. Vitatu. Nikamwekea vitano na vitatu. Akaonesha vinne. Sita na moja, akaonesha vinne. Tano na nne, akaonesha vitano. Vigelegele viliniisha kinywani. Mtoto wa darasa la kwanza hakosi vile, na huyu alifundisha mji mzima.

Kesho yake ikawa vilevile. Mpaka tano alikuwa baba, baada ya tano simjui. Niliona kama vile akili yake imebomolewa kutoka juu na imebaki hatua ya chini, na nikaogopa kwamba siku inayofuata nitauliza tano na yenyewe itakuwa imeondoka. Nilifika mahali naogopa kukaa kwenye kile kigoda. Nilitafuta kazi za kijinga, nikafua mapazia, nikapanga nyuzi, ili tu saa ya hesabu isifike.

Jumatano nikiwa kwenye cherehani ndipo kitu kiliponisimamisha mguu. Nane alionesha vinne jana. Juzi vinne. Kwa dada wa mazoezi vinne. Sita, vitatu kila mara. Mtu anayebahatisha leo atasema hivi, kesho vile. Hakosei kosa lilelile kila siku. Nikaacha nguo chini ya sindano, nikajiuliza kama alivyotufundisha: tunajua nini? Sita anatoa tatu. Nane anatoa nne. Nusu! Baba anatoa nusu! Nilisimama barazani kama mwehu, nikaanza kucheka.

Halafu nikakumbuka saba. Saba alionesha vinne pia, na nusu ya saba si nne. Na tisa alionesha vitano. Nikakaa chini tena. Nilijaribu kuipindua huku na huku, kwamba labda kwenye saba na tisa anakosea kidogo, lakini nilijua ninafanya kile alichokikataza, kulazimisha jibu kwa sababu nimelipenda. Hofu ikarudi palepale ilipokuwa imekaa, chini ya mbavu.

Alhamisi nilikuwa ninamkanda mkono wa kulia kwa mafuta, kidole kimoja kimoja, kama binti wa mazoezi alivyonifundisha. Nimekaa mbele yake, mkono wake uliolala uko kwenye mapaja yangu. Nikasema tu, bila hata matumaini, "Tano kujumlisha tatu, baba."

Akanyanyua kushoto, vinne. Kisha akautazama ule mkono wa kulia. Nikagundua kwamba kila siku alikuwa akiutazama, ila mimi nilikuwa ninaangalia vile vidole vilivyonyanyuka, sikufuata macho yake yanakwenda wapi. "Ee!" akasema. "Ee, ee!" Uso ulimvimba kwa hasira. Akaushusha mkono wa kushoto, akaushika mkono wangu wenye mafuta, akaunyanyua. Dole gumba langu akalikunja ndani. Vikabaki vidole vinne. Halafu akaleta vinne vyake, akavibandika kwenye vyangu, ncha kwa ncha, akanitazama usoni.

Nne na nne.

Bibi yangu, mama yake baba, hakukanyaga darasa. Akihesabu vifaranga akifika nane alikuwa anakutanisha vidole vinne vya huku na vinne vya huku. Sita kwake ilikuwa tatu na tatu. Saba nne na tatu, tisa tano na nne. Ndivyo wazee wa kwetu walivyokuwa wakionesha. Mimi nimekulia mjini, nikafundishwa kwamba nane ni mkono mzima na vitatu vya mkono wa pili, na aliyenifundisha ubaoni ni baba huyuhuyu. Ubaoni alitumia ya shule. Kumbe ugonjwa ulipomnyang'anya ya shule ulimwachia ya mama yake. Alikuwa akinipa majibu sahihi kila asubuhi, nusu kwa mkono mzima, nusu kwa mkono uliokataa kunyanyuka.

Nilitakiwa nifurahi. Nawaambia ukweli, niliogopa kuliko siku zote. Kama baba yupo, basi alikuwepo muda wote. Alikuwepo kaka aliposema huu ni mwili wake. Alikuwepo majirani walipokuja kumtazama na kusimuliana juu ya kichwa chake nani alikufa kwa kiharusi na alizikwaje. Alikuwepo nilipokuwa namvua nguo kumwogesha huku naongea na simu. Mungu wangu. Nilitoka nje nikanawa uso, nikarudi nikiwa na aibu ya kumtazama.

Na hofu nyingine ilikuwepo: je, kama najidanganya? Mtu anayetaka kitu sana anakiona popote. Mgonjwa kashika mkono wangu, basi mimi tayari nimemtengenezea akili nzima. Nikasema hapana, nitamuuliza ile ambayo hawezi kuipata kwa bahati.

"Baba, sikiliza. Mvuvi ametoka ziwani na sato kumi na wawili. Amewagawia wake zake wawili sawasawa. Mke mkubwa akaongezewa sato mmoja na jirani. Mke mkubwa ana sato wangapi?"

Swali linasema nini? Kumi na mbili gawanya kwa mbili, sita. Sita ongeza moja, saba. Niliikariri njia moyoni ili nisije nikayumba. Nikanyoosha mkono wangu, vidole vinne wazi, gumba ndani, nikakaa kimya, nikiogopa hata kupumua asije akasoma jibu usoni kwangu.

Alichukua muda. Nje king'ora cha kiwanda kililia cha kubadilisha zamu, watu wakaanza kupita. Kisha mkono wa kushoto ukaja, ukakishika kidole changu kidogo, ukakikunja. Vikabaki vitatu. Akanyanyua vinne vyake, akaviweka kando ya vyangu.

Nililia mpaka yeye ndiye akawa ananipapasa kichwa.

Jumamosi kaka alikuja na gari la kuazima, godoro tayari nyuma. Hakuzima hata injini vizuri. "Haya, nioneshe," akasema, na sauti ilikuwa juu, nikajua anaogopa kama mimi. Nilimweleza habari ya vidole. Akanitazama kwa huruma, na huruma yake ilinikera kuliko ubishi.

"Uliza wewe," nikamwambia. "Uliza unachotaka, mimi nitafumba macho."

Akakuna kichwa. Naye hesabu hazikuwa ndugu zake. "Baba, eeh... Ng'ombe kumi na tano. Nimeuza watatu. Nimebaki na... halafu watatu wengine wamekufa. Wamebaki wangapi?" Mimi nikafumba macho, nikatoa mkono wangu, vidole vyote vitano wazi. Baadaye kidogo nikahisi vidole vya baba vikavu vikilishika gumba langu, vikalilaza kwenye kiganja. Nilipofumbua, mkono wake ulikuwa umefunguka wote, tano, karibu na vinne vyangu.

Kaka alihesabu kwa midomo. Akahesabu tena. Kisha akakaa chini sakafuni, mtu mzima na buti zake, akashika mguu wa baba. "Baba, nisamehe. Nilisema maneno mabaya. Ulinisikia?" Baba ee, ee. Tulicheka wote watatu, baba kwa nusu ya mdomo.

Basi nikajiona nimeshinda. Mzee anabaki, mazoezi yanaendelea, godoro lirudi lilikotoka. Kaka alipofuta macho ndipo akasema, "Sasa kama yupo, si tumuulize yeye mwenyewe?" Nikasema muulize tu! Tena mimi ndiye niliyemwelekeza baba: kidole kimoja ni ndiyo, viwili ni hapana.

"Baba," nikasema, "unataka kubaki hapa Nyakato na mimi, uendelee na mazoezi?"

Viwili.

Nilicheka. "Hajaelewa. Amechoka." Nikakumbuka kwamba jibu linahakikiwa, kwamba baba hakutuachia jibu hata siku moja bila kulirudia kwa njia nyingine. Nikasema, "Baba, tubadilishe. Sasa kidole kimoja ni hapana, viwili ndiyo. Umeelewa? Kimoja hapana. Unataka kubaki hapa?"

Kimoja. Akakishikilia juu, imara, ili nikione.

"Unataka kwenda kijijini?"

Viwili.

"Hata kama kule hakuna mazoezi? Hata kama mvua ikinyesha gari halipiti?"

Viwili. Hakuharakisha, wala hakukasirika. Alikuwa na uso wake wa darasani, ule wa kusubiri mtoto aliyebaki nyuma afike. Nilitafuta pengine pa kuingilia nikakosa. Nilikuwa nimehangaika wiki nzima kuonesha kwamba akili ya baba ni yake, na sasa ilikuwa yake.

Nilifungasha nguo zake. Kaka akatoka kwenda kupanga mito kwenye gari, nikabaki na baba chumbani, nimepiga magoti mbele yake namvalisha viatu. Kulikuwa na swali moja limebaki. Unakwenda kule kuishi, baba, au unakwenda kufa? Lingejibika kwa kidole kimoja au viwili, na nilijua angelijibu, na nilijua asingenidanganya. Alikuwa ananitazama. Nadhani alijua ninalo mdomoni, maana mkono wa kushoto ulianza kunyanyuka kutoka kwenye paja.

Niliudaka ule mkono. Nikavikunja vidole vyake vyote ndani ya mikono yangu, nikavishikilia hivyo kwa nguvu, mpaka kaka akapiga honi nje.